Microsoft Access kwa rekodi za mafunzo ya wafanyakazi: tathmini ya programu kongwe kwenye kazi inayoiweza

Microsoft Access, programu ya kujengea hifadhidata, iliingia sokoni mwaka 1992, na tangu wakati huo watu wamekuwa wakiitabiria kifo ambacho mpaka leo hakijafika. Imo ndani ya vifurushi vingi vya Microsoft 365 vinavyonunuliwa na kampuni za ukubwa wa kati, na mara nyingi imekaa kwenye kompyuta ya afisa rasilimali watu bila kufunguliwa hata siku moja, huku rekodi za mafunzo zikiendelea kujazwa kwenye Excel. Tathmini hii inaihusu kwa kazi hiyo moja tu, yaani kujenga hifadhidata ya kihusiano (ya majedwali yanayounganishwa) inayoonyesha ni nani amefundishwa nini, lini, na mkufunzi gani, na cheti chake kinaisha muda lini. Nimeitumia kwa kazi hiyo katika kiwanda cha Dar es Salaam chenye wafanyakazi wapatao mia nne, ambako wakaguzi wa ndani na wa nje huja na kutaka majibu siku hiyo hiyo.

Rai yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asisumbuke. Kwa mahali pa kazi penye wafanyakazi kuanzia hamsini hadi elfu moja hivi, Access ni chombo kizuri kwa rekodi za mafunzo, na uzuri wake umo katika zile sehemu kali zinazomkatalia mtumiaji asifanye ovyo. Hatari zake, kwa bahati mbaya, zimo katika zile sehemu zilizotengenezwa kumrahisishia.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini Excel haitoshi, kwa sababu wakubwa wengi wa idara huuliza swali hilo kabla ya kuidhinisha chochote. Karatasi ya Excel humweka mfanyakazi kwenye mstari na kozi kwenye safu, na kila kozi mpya ikiongezwa karatasi hupanuka kuelekea kulia, hadi mtu anapaswa kusogeza skrini mara kadhaa kutafuta tarehe moja. Mfanyakazi akirudia kozi, tarehe ya zamani hufutwa ili ya sasa ipate nafasi, na hapo historia imepotea. Liko pia jambo dogo ambalo wengi hawalioni mapema. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika namba ya NIDA kwenye seli ambayo haijawekwa kuwa ya maandishi, tarakimu tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri bila onyo lolote. Orodha ya namna hiyo ikishahifadhiwa, hakuna fomula itakayozirudisha tarakimu hizo, na mtu atalazimika kukusanya upya nakala za vitambulisho.

Access haimponyi mtu ugonjwa huo moja kwa moja, maana safu ya aina ya namba nayo itaiharibu NIDA vilevile. Tofauti ni kwamba Access humlazimisha mbunifu aamue aina ya kila safu kabla ya kuingiza rekodi ya kwanza, na uamuzi sahihi hapa ni maandishi yenye urefu wa tarakimu 20, pamoja na kanuni ya kukataa kitu chochote kisichofika urefu huo. Hata hivyo nisingeshauri NIDA iwe ufunguo mkuu (safu inayomtambulisha kila mtu) wa jedwali la wafanyakazi. Wapo wanaoanza kazi namba zao zikiwa bado hazijatoka, na namba yenyewe huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, kwa hiyo kuisambaza kwenye kila jedwali ni kusambaza taarifa binafsi bila sababu. Namba inayojizalisha yenyewe inatosha kuwa ufunguo, na namba ya ajira ibaki kuwa ile ambayo watu wanaiona na kuitumia. Majina hayafai kabisa kwa kazi hiyo. Katika kiwanda chochote cha Pwani hukosi kuwakuta watu wawili wanaofanana jina la kwanza, la baba na la babu.

Sasa tuingie kwenye muundo wenyewe. Nadharia iliyo nyuma ya programu hizi ilichapishwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na kwa rekodi za mafunzo funzo lake kuu ni hili: mfanyakazi mmoja huhudhuria kozi nyingi, na kozi moja huhudhuriwa na wafanyakazi wengi, kwa hiyo uhusiano wao hauwezi kukaa ndani ya jedwali la wafanyakazi wala ndani ya jedwali la kozi. Unahitaji jedwali lake. Katika muundo ninaoutumia yapo majedwali ya Wafanyakazi, Idara, Vyeo, Kozi, Vipindi, Wakufunzi na Mahudhurio. Wengi hupenda kuliruka jedwali la Vipindi na kuunganisha mfanyakazi na kozi moja kwa moja, na huo ndio mkato unaowagharimu. Kozi ya huduma ya kwanza ni wazo la jumla lenye maudhui na muda wa uhalali. Kipindi cha huduma ya kwanza kilichofanyika tarehe fulani, mahali fulani, na mkufunzi fulani, kwa gharama fulani, ni tukio. Mahudhurio huunganishwa na tukio. Usipozitenganisha hizo mbili, utajikuta unaandika jina la mkufunzi na gharama mara thelathini kwa watu thelathini walioketi katika chumba kimoja, na mara mbili au tatu kati ya hizo jina litakuwa limekosewa.

Jedwali la Mahudhurio lenyewe ni jembamba. Lina kitambulisho cha kipindi, kitambulisho cha mfanyakazi, matokeo, namba ya cheti na tarehe ya cheti, basi. Jambo muhimu ni kuweka faharasa (index) isiyoruhusu marudio kwenye vitambulisho viwili vya kwanza vikiwa pamoja, ili mtu asiingizwe mara mbili katika kipindi kimoja. Access inaruhusu hilo, ila imelificha kwenye dirisha dogo la faharasa ambalo mtumiaji mpya hawezi kulikuta kwa kubahatisha. Ukiweka alama ya kutoruhusu marudio kwenye safu ya mfanyakazi peke yake, programu itamkatalia kuhudhuria kozi ya pili maishani mwake. Inabidi safu zote mbili ziwe ndani ya faharasa moja yenye jina moja.

Sehemu ninayoisifu kuliko zote ni dirisha la mahusiano. Hapo majedwali huonekana kama visanduku, na mbunifu huvuta mstari kutoka kitambulisho kimoja hadi kingine, kisha huulizwa kama anataka marejeleo yalindwe. Akikubali, Access haitapokea mahudhurio ya mfanyakazi asiyekuwapo kwenye jedwali la wafanyakazi, wala ya kipindi ambacho hakijasajiliwa, hata data hiyo ikitoka kwenye faili iliyoagizwa kutoka kwingine. Nimeona programu za bei kubwa, zinazouzwa kwa mikataba ya mwaka, zisizomwonyesha mteja muundo wa data yake kwa uwazi wa namna hii. Mchoro huo ukichapwa kwenye karatasi ya A3 na kubandikwa ukutani, hata meneja asiyejua chochote kuhusu hifadhidata anaweza kuufuata kwa kidole na kuuliza swali la maana, kwa mfano kwa nini mkufunzi haunganishwi na kozi.

Katika dirisha hilo hilo upo mtego wa kwanza. Chini ya alama ya kulinda marejeleo kuna alama nyingine, ya kufuta kwa mnyororo, na ukiiweka, basi siku karani atakapomfuta mfanyakazi aliyeacha kazi, mahudhurio yake yote yatafutika pamoja naye. Kwa rekodi za mafunzo hilo halifai hata kidogo. Kiwango cha kimataifa cha ubora, ISO 9001 cha mwaka 2015, katika kifungu cha 7.2, kinataka mwajiri atunze ushahidi wa maandishi wa umahiri wa watu wake, na mkaguzi anayechunguza kazi iliyofanyika miaka miwili iliyopita atamtaka mtu aliyeifanya, awe bado yupo au ameshaondoka. Mfanyakazi hafutwi, anawekewa tarehe ya kuondoka, na maulizo ya kila siku (query, yaani maombi ya kutafuta rekodi) huambiwa yawaonyeshe wale tu ambao tarehe hiyo iko wazi, haijajazwa.

Kuhusu tarehe ya mwisho wa cheti, wabunifu hugawanyika, na nitaeleza upande niliouchagua. Kanuni ya kawaida husema usihifadhi kitu unachoweza kukikokotoa, kwa hiyo jedwali la Kozi huwa na safu ya miezi ya uhalali, na ulizo hujumlisha miezi hiyo kwenye tarehe ya cheti kwa fomula ya DateAdd. Hii inafaa kwa kozi za ndani ambazo muda wake tunaupanga wenyewe. Kwa vyeti vya nje, vinavyokuja vikiwa vimechapwa tarehe ya mwisho, kanuni hiyo hugeuka kuwa kosa: siku utakapobadilisha uhalali wa kozi kutoka miezi 36 hadi 24, vyeti vyote vilivyopita miezi 24 vitaonekana vimekwisha muda, ilhali karatasi zilizomo kwenye faili zinasema vingine. Kwa hiyo kwenye Mahudhurio huwa naongeza safu ya tarehe ya mwisho iliyochapwa, na ulizo huitumia hiyo kwanza, kisha hurudi kwenye hesabu pale ambapo safu iko wazi. Tangu toleo la 2010 Access inaruhusu safu inayojikokotoa ndani ya jedwali, lakini hapa haisaidii kitu, kwa kuwa haiwezi kusoma jedwali jingine wala kutumia tarehe ya leo. Idadi ya siku zilizobaki hutafutwa kwenye ulizo.

Jedwali jingine ambalo halionekani umuhimu wake mpaka siku ya balaa ni historia ya vyeo. Mahitaji ya mafunzo hufuata cheo: dereva wa foroklifti anahitaji kozi zake, fundi umeme zake, na mpishi wa kantini zake. Ndiyo maana lipo jedwali linalounganisha vyeo na kozi za lazima. Ikiwa cheo cha mfanyakazi kimeandikwa kwenye safu moja tu katika jedwali la Wafanyakazi, basi unajua anachofanya leo, lakini ajali ikichunguzwa miezi sita baadaye swali litakuwa kama siku ile alikuwa na sifa za kazi aliyokuwa anaifanya siku ile. Jibu linahitaji jedwali lenye mfanyakazi, cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Access haina namna ya moja kwa moja ya kuzuia vipindi viwili vya cheo vya mtu mmoja visigongane, na inabidi uandike kanuni ndogo kwenye fomu. Hilo nalihesabu kuwa upungufu, ingawa hifadhidata nyingi kubwa zaidi nazo haziko mbele sana katika jambo hili.

Ulizo ambalo kila mwajiri analitaka ni la mapengo: nionyeshe kila mfanyakazi aliyepo, kila kozi ambayo cheo chake kinaidai, na kama hana cheti halali au kinaisha ndani ya siku 60, mtaje. Kwa maneno ni sentensi moja. Kwenye Access ni maulizo matatu yanayokaa juu ya mengine. La kwanza hutafuta tarehe ya karibuni zaidi ya kufaulu kwa kila mfanyakazi na kila kozi. La pili huunganisha wafanyakazi waliopo na kozi za lazima za vyeo vyao. La tatu huchukua la pili lote na kulilinganisha na la kwanza, likiwabakiza hata wale wasio na kitu upande wa pili. Ukijaribu kuyabana yote kwenye ulizo moja, Access itakujibu kwamba viungo vya nje vina utata na itakataa kuendelea. Wengi hukasirika wanapoona ujumbe huo. Mimi nauona ni msaada, kwa kuwa unamlazimisha mbunifu kuhifadhi kila hatua kwa jina lake, na hatua yenye jina ni rahisi kukaguliwa na mtu mwingine.

Ndani ya ulizo la tatu kuna kona ya kuangalia kwa makini. Kozi isiyoisha muda, kama ile ya utambulisho wa mfanyakazi mpya, haina miezi ya uhalali, hivyo tarehe yake ya mwisho huwa wazi. Mtu ambaye hajasoma kozi hiyo kabisa naye tarehe yake ya mwisho iko wazi. Ukichuja kwa kuangalia tarehe ya mwisho, watu waliohudhuria utambulisho watajitokeza kwenye orodha ya wasiohudhuria, na wasimamizi wao watapiga simu wakilalamika, na kwa haki. Uwazi upimwe kwenye tarehe ya kufaulu. Tarehe ya mwisho ipimwe pale tu ambapo ipo.

Tabia ya Access kuhusu tarehe naiweka katika kundi la makosa yasiyosameheka kwa programu inayouzwa dunia nzima. Kwenye gridi ya kubuni ulizo, tarehe hufuata mpangilio wa Windows yako, kwa hiyo siku hutangulia mwezi kama tulivyozoea. Kwenye mwonekano wa SQL (lugha ya kuandikia maulizo) na kwenye msimbo wa VBA (lugha ya kuandikia programu ndani ya Access), tarehe iliyo kati ya alama za reli husomwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Hivyo #03/04/2025# ni tarehe 4 Machi, ingawa aliyeiandika alikusudia 3 Aprili. Ubaya zaidi ni kwamba #25/04/2025# husomwa sawasawa kuwa 25 Aprili, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na programu hujirekebisha kimyakimya. Matokeo yake ni kosa linalotokea kwa siku 12 za mwanzo wa kila mwezi na kupotea siku zinazofuata, ambalo mtu anaweza kulijaribu tarehe 20 na kuapa kuwa halipo. Tiba ni kuandika mwaka kwanza, #2025-04-03#, kila mahali na bila kuchoka.

Kwa upande wa majina ya safu, anayebuni kwa Kiswahili ana nafuu ambayo wenzetu hawana. Maneno ya Kiingereza ya jina na tarehe yametengwa na programu kwa matumizi yake, na kuyaita safu kwa majina hayo huleta hitilafu zisizoeleweka. Jina na Tarehe havigongani na chochote. Cha kuepuka ni nafasi kati ya maneno, kwa kuwa kila jina lenye nafasi litadai mabano ya mraba kwenye SQL. Andika MieziYaUhalali, kisha lebo itakayoonekana kwenye fomu iandikwe kwa Kiswahili sanifu chenye nafasi zake zote.

Fomu ndizo zinazomfanya karani aipende Access. Fomu kuu huonyesha kipindi, na ndani yake fomu ndogo hupokea mahudhurio mstari kwa mstari. Karani akiwa na karatasi ya sahihi mkononi huandika herufi mbili tatu za jina na orodha humletea mfanyakazi anayefanana. Orodha hiyo iwekewe safu tatu, za jina kamili, namba ya ajira na idara, la sivyo karani atachagua kwa kukisia kati ya watu wawili wenye jina moja. Mpangilio wenyewe ni wa kuchosha, maana upana wa kila safu huandikwa kwa vipimo kwenye orodha ndefu ya sifa. Ukishakamilika, karatasi ya watu 30 huingizwa kwa dakika chache. Ripoti nazo ni nzuri, na sina mengi ya kusema juu yake: hupangwa kwa idara, hugeuzwa kuwa PDF, na husomeka.

Nirudi kwenye zile sehemu za kubembeleza. Tangu toleo la 2007, msaidizi wa safu za kuchagulia humuuliza mbunifu kama anataka kuruhusu thamani nyingi ndani ya safu moja. Kwa mtu anayejenga rekodi za mafunzo hilo huonekana kama zawadi: weka safu ya kozi kwenye jedwali la Wafanyakazi, tia alama kwenye kozi zote alizosoma, kazi imekwisha. Nyuma ya pazia Access hutengeneza jedwali lililofichwa ambalo huwezi kuliongezea tarehe, matokeo wala namba ya cheti, yaani vitu vyote ulivyovihitaji. Baadaye ukitaka kuhamia kwenye seva kubwa, safu hiyo haina pa kwenda. Jirani yake ni safu ya viambatisho, inayomshawishi mtu aweke picha za vyeti ndani ya hifadhidata. Faili la Access halizidi GB 2. Wafanyakazi 400 wenye vyeti vitano kila mmoja ni vyeti 2,000, na kila kimoja kikiwa na ukubwa wa MB 1 baada ya kuskaniwa, umeshafika ukingoni kabla ya mwaka wa pili. Picha zikae kwenye folda ya seva zikiitwa kwa namba za vyeti, na jedwali lihifadhi njia ya faili tu.

Matumizi ya watu wengi kwa pamoja yanahitaji nidhamu. Microsoft yenyewe hutaja watumiaji 255 kwa wakati mmoja, idadi ambayo sijaona ofisi yenye akili timamu ikiijaribu. Makarani watano hadi kumi wanafanya kazi bila shida ikiwa hifadhidata imegawanywa mara mbili, majedwali yakiwa kwenye seva na kila mtu akiwa na nakala yake ya fomu na ripoti. Kipo kifaa ndani ya programu kinachofanya mgawanyo huo, na anayeacha kukitumia anajitafutia faili lililoharibika. Waya wa mtandao ni bora kuliko Wi-Fi, kwa kuwa mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika, na kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa ajili ya swichi ya mtandao kina thamani sawa na kile cha seva. Folda za kusawazisha kwa intaneti, kama OneDrive, si mahali pa kuweka majedwali yanayoandikwa na watu wawili kwa pamoja. Na faili la data hukua hata baada ya kufuta rekodi, kwa hiyo likandamizwe mara kwa mara kwa amri iliyopo kwenye menyu, baada ya kuchukua nakala rudufu.

Usalama ndio udhaifu mkubwa. Faili la .accdb linaweza kufungwa kwa neno la siri na kusimbwa, lakini neno hilo ni moja kwa wote. Ule mfumo wa zamani wa ruhusa za mtu mmoja mmoja haukuletwa kwenye umbo hili jipya la faili. Anayeweza kulifungua folda anaweza kulinakili faili lote kwenye flashi na kuondoka nalo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na rekodi za mafunzo zenye namba za vitambulisho na matokeo ya mitihani ya watu ni taarifa binafsi pasipo ubishi. Ruhusa za folda kwenye seva ya Windows ndizo kinga pekee ya maana, na taarifa za afya za wafanyakazi, kama vile matokeo ya vipimo vya kufaa kazini, nisingeziweka humu kabisa.

Kuhusu gharama, Access haiuzwi kwa Mac, na si kila kifurushi cha Microsoft 365 kinayo. Vile vya bei ya chini vinavyotumika kwenye kivinjari tu havina. Habari njema ni kwamba leseni kamili inahitajika kwa mbunifu peke yake. Makarani wanaweza kusakinishiwa toleo la kuendeshea tu, ambalo Microsoft hulitoa bure, na wakaona fomu na ripoti bila uwezo wa kubadilisha muundo, jambo ambalo kwa kweli ni faida. Wenye matoleo ya 2016 na 2019 wajue kwamba msaada wake ulikoma Oktoba 2025.

Mbadala unaotajwa zaidi ni LibreOffice Base, ambayo ni bure na inafanya kazi hata kwenye Linux. Nimeijaribu kwa muundo huu huu. Dirisha lake la mahusiano lipo na linalinda marejeleo vizuri, lakini hifadhidata yake ya ndani ni ya mtumiaji mmoja, na data iliyoingizwa huwa salama kwenye faili pale tu unapohifadhi, hali isiyofaa pale ambapo umeme si wa kuaminika. Ikiunganishwa na MySQL au PostgreSQL kasoro hizo huondoka, ila sasa unahitaji mtu wa kusimamia seva, na ofisi nyingi za mafunzo hazina mtu huyo. Kwa waajiri wa Kenya wanaodai kurejeshewa gharama za mafunzo kutoka NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya nchi hiyo, chombo chochote kitafaa mradi jedwali la Vipindi liwe na gharama, mkufunzi na tarehe, na liweze kutoa orodha ya waliohudhuria bila kuandikwa upya.

Kampuni ikikua, majedwali yanaweza kuhamishiwa SQL Server, hifadhidata ya seva ya Microsoft, huku fomu na ripoti zikibaki kwenye Access, zikiunganishwa kwa ODBC, njia ya kuunganisha programu na hifadhidata. Nimeona uhamisho huo ukienda bila matata pale ambapo mahusiano yalikuwa yamelindwa tangu mwanzo, kwa kuwa seva hukataa data chafu kwa ukali kuliko Access. Kabla ya kuhamisha, kila safu ya ndiyo au hapana, kama ile ya kuonyesha kozi ni ya lazima, ipewe thamani ya kuanzia ya sifuri na isiruhusiwe kubaki wazi. La sivyo Access itadai kila mara kwamba kuna mtu mwingine aliyebadilisha rekodi unayoihariri, hata ukiwa peke yako ofisini.